Kiuno Kinauma? Usikifiche kwa Vidonge

Maumivu ya kiuno husababishwa na nini?
Mara nyingi ni msuli au kano iliyovutika, kati ya mbavu za mwisho na makalio. Wengi hupona ndani ya wiki chache. Maumivu yakishuka mguuni hadi chini ya goti, huenda mshipa wa fahamu umebanwa.

Si figo?
Kwa wengi, hapana. Figo ziko juu zaidi, pembeni chini ya mbavu. Zikiugua, mara nyingi utaona homa, mkojo unaochoma au wenye damu. Hapo njoo upimwe. Kinachoniuma ni kwamba huyo anayeniambia "daktari, figo zimeniisha" ana diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, mfukoni, mwezi wa tatu sasa anameza. Ndugu yangu, dawa hiyo ikizoewa ndiyo inayoharibu figo, inayotoboa tumbo na kupandisha presha.

Lakini nikimeza napata nafuu.
Siku chache, baada ya kula, kama huna vidonda vya tumbo, presha wala ugonjwa wa figo, na si mjamzito: sawa. Miezi: hapana. Sindano ya kila wiki ili kesho ukabebe tena magunia soko la Kongowea: hapana. Umenyamazisha maumivu tu, na mgongo unazidi kuumia.

Nifanye nini basi?
Usijilaze kitandani wiki nzima. Tembea kidogo kidogo. Weka kitambaa cha moto dakika 15 hivi. Ukilala ubavu, tia mto kati ya magoti. Kukandwa taratibu hakuna neno, ila kukanyagwa mgongo, tafadhali, acheni.

Muuza maji mmoja wa mkokoteni nilimwomba anyanyue mtungi wa lita 20 mbele yangu. Magoti yamenyooka, akainama kwa kiuno, akajipinda nao kando. Kilo 20, na kwa siku huinua mitungi mingapi? Tukarudia: kunja magoti, mtungi uguse tumbo, geuka kwa miguu. Na wewe mama unayekuna nazi kisha ukainamia beseni la nguo, liweke beseni juu ya stuli. Dereva wa tuktuk, shuka unyooke kila unapongoja abiria.

Nije hospitali lini?
Wiki chache zikipita bila nafuu, njoo. Ukiwa na kikohozi kisichokwisha, jasho la usiku na kukonda, njoo upesi: kifua kikuu huingia hata kwenye uti wa mgongo.

Na mguu ukifa ganzi, nikiongeza dawa?
Hapana. Hapana kabisa. Ganzi sehemu za siri au mapajani kwa ndani, mkojo kuziba au kujitokea, miguu kukosa nguvu: hospitali siku hiyo hiyo. Nimepokea mgonjwa aliyekaa siku nne akingoja kidonge kifanye kazi, na mkojo hautoki. Mishipa iliyobanwa hivyo huhitaji upasuaji wa haraka. Ukichelewa, huenda isirudi kufanya kazi. Usipitie duka la dawa kwanza. Ikianza usiku, njoo usiku.