Tangi dogo si rahisi kwa anayeanza

Hapa Dodoma wengi bado wanaamini kwamba anayeanza kufuga samaki na matumbawe ya baharini aanze na tangi la lita 20, eti ndilo rahisi. Ni kinyume chake. Hewa yetu kavu hukausha maji haraka, lakini chumvi haiondoki na mvuke. Zikipungua lita 2 tu, chumvi hupanda kutoka gramu 35 kwa lita hadi karibu 39, na matumbawe hunywea. Kwenye lita 200, upungufu huohuo hauongezi hata nusu gramu.

Chora mstari kwenye kioo. Maji yakishuka chini yake, jazia maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi. Samaki wasubiri kwanza: bakteria wanaoondoa amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, huhitaji wiki kadhaa kuongezeka.