Karatasi ya labo ya hepatiti B: yanayosemwa na yaliyomo

Hapa Bukavu wengi huigundua hepatiti B, ugonjwa wa ini unaoletwa na kirusi, bila kuitafuta. Mtu anaenda kumtolea ndugu yake damu, anarudi mtaani Kadutu na karatasi imeandikwa "Ag HBs: positif". Usiku ule halali.

"Ini limeoza." Hapana. Alama hiyo, protini ya ganda la kirusi, inasema kirusi kimo mwilini. Ikionekana tena baada ya miezi 6, ugonjwa unaitwa sugu. Ini lenyewe likoje, vipimo vingine ndivyo vinavyojibu.

Dhana inayoniumiza zaidi ni hii: "Transaminazi ziko muzuri, sina haja ya kurudi." ALAT, mojawapo ya transaminazi, ni kimeng'enya kinachovuja kwenye damu seli za ini zikiumia. Hupanda, hushuka. Leo inaweza kutulia huku virusi vinazaana na kovu linajengeka kimyakimya. Tena angalieni kiwango cha mwisho kilichochapwa pembeni: mara nyingi ni 40, lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unaweka 30 kwa mwanaume na 19 kwa mwanamke. Mama mwenye 28 anaambiwa aende nyumbani, kumbe ameshavuka. Ndiyo maana ALAT husomwa pamoja na wingi wa virusi. Vikizidi IU 2,000 (kizio cha labo) kwa mililita na ALAT iko juu, mwongozo unashauri dawa. Kuna pia APRI, hesabu ya ASAT (transaminazi nyingine) na plaketi (chembe za kugandisha damu), inayokadiria kovu la ini kwa vipimo vya kawaida tu. Na GeneXpert, mashine ile ile ya kifua kikuu, inaweza kuhesabu virusi hivi ikipewa katriji yake.

"Ag HBe ni negatif, kirusi kinaisha." Ag HBe ni protini nyingine ya kirusi. Kwa wengine, ndiyo, kimepoa. Kwa wengine kimebadilika tu: hakitengenezi tena protini hiyo, lakini kinaendelea kuzaana.

"Anti-HBc ni ya chanjo." Si kweli. Chanjo huleta anti-HBs peke yake, yaani kingamwili dhidi ya Ag HBs. Anti-HBc, kingamwili dhidi ya sehemu ya ndani ya kirusi, inasema uliwahi kukutana na kirusi chenyewe.

"Virusi havionekani tena, naacha tenofovira." Tafadhali, usiache bila daktari. Dawa hiyo inazuia kirusi kuzaana, lakini mbegu ya kirusi inabaki ndani ya kiini cha seli za ini, na ikiamka inaweza kuliwasha ini vibaya.

Karatasi za zamani msizitupe. ALAT ya mwaka jana ikiwekwa kando ya ya leo, daktari anaona inakoelekea.