Nani kampeleka? Maana ya "mtoto aliyewekwa shule binafsi na mzazi"

Katika sheria ya elimu maalumu ya Marekani kuna maneno ambayo wazazi wengi huyapita mbio: mtoto aliyewekwa shule binafsi na mzazi wake. Ukiyasoma juujuu utadhani ni maelezo tu ya mtoto anasoma wapi. Kumbe ndiyo yanayoamua kama mtoto ana haki ya kudai au anangoja mgao.

Sheria yenyewe huitwa IDEA. Ilipitishwa mwaka 1975 kwa jina jingine, ikapewa jina hili mwaka 1990, na mwaka 2004 ikafanyiwa marekebisho makubwa. Chini yake, mtoto mwenye ulemavu anayesoma shule ya serikali lazima apewe elimu inayomfaa bila malipo. Huduma zake huandikwa kwenye hati inayojulikana kama IEP, na mzazi anaweza kuishikia bango hati hiyo mpaka mahakamani.

Sasa tuseme mtoto ana shida ya kutamka maneno, na shule ya serikali inampa mtaalamu wa usemi mara mbili kwa wiki. Wazazi wake, wahamiaji kutoka Kongo au Mombasa, wanaamua kumhamishia shule ya Kikatoliki au ya Kiislamu. Pengine ni kwa ajili ya dini, pengine nidhamu, pengine kwa sababu tu binamu zake wako huko. Ada wanalipa wenyewe. Siku anapovuka geti la shule hiyo, ile haki yake ya kudai huduma inabaki nyuma. Kanuni haizunguki: mtoto wa namna hii hana haki, yeye kama yeye, ya kupata huduma zote, wala hata baadhi ya zile ambazo angezipata shule ya serikali.

Hilo huwashtua watu, hasa waliozoea kuambiwa kwamba Marekani mtoto mwenye ulemavu ana haki popote alipo. Ana haki, ndiyo, ila ni ya namna nyingine.

Haki ya kutafutwa na kupimwa bado anayo. Wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za serikali za eneo fulani, inawajibika kuwatafuta watoto wanaodhaniwa kuwa na ulemavu, wakiwamo walio shule binafsi, na kuwapima bure. Hapa wengi hupotea njia: tangu 2004, wilaya inayobeba jukumu hilo ni ile ambamo shule binafsi imejengwa, wala si ile ambamo familia inaishi. Ukiishi upande huu wa mpaka wa wilaya na mtoto akasoma upande wa pili, barua yako ya kuomba apimwe ipeleke wilaya ya upande huo wa pili. Taarifa rasmi za wilaya zinapaswa kutolewa kwa lugha anayoielewa mzazi, Kiswahili kikiwamo, isipokuwa pale ambapo ni wazi kwamba haiwezekani. Omba mkalimani, usione haya. Na usimtumie mtoto mwenyewe kukutafsiria kikao kinachomjadili yeye.

Baada ya kupimwa ndipo linakuja suala la fungu. Sheria inaitaka wilaya itenge sehemu ya fedha za shirikisho, yaani za serikali kuu ya Marekani, kwa ajili ya watoto hawa kulingana na idadi yao. Nitoe mfano wa kubuni. Wilaya ina watoto 500 wenye ulemavu, na 50 kati yao wamewekwa na wazazi katika shule binafsi zilizomo humo. Hao ni asilimia 10. Wilaya ikipokea dola 800,000 kutoka serikali kuu chini ya IDEA, lazima itumie dola 80,000 kwa hao 50. Ukigawanya, ni dola 1,600 kwa kila mmoja kwa mwaka, ingawa fedha hizi hazitiwi kwenye bahasha kwa jina la mtoto. Ni za kundi zima. Na zinazopigiwa hesabu ni za shirikisho pekee. Fedha za jimbo na za wilaya yenyewe, ambazo ndizo hubeba sehemu kubwa ya gharama za elimu maalumu, hazimo katika hesabu hiyo. Gharama za kumpima mtoto nazo haziruhusiwi kukatwa humo.

Nani anaamua fungu lifanye nini? Wilaya lazima ishauriane na wawakilishi wa shule binafsi na wa wazazi, lakini neno la mwisho ni lake. Inaweza kuamua kwamba mwaka huu fedha zote ziende kwa tiba ya usemi. Mtoto mwenye shida ya kusoma asipate chochote, na hakuna sheria iliyovunjwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo mahali pachungu zaidi pa mpango huu, na mzazi hulijua hilo akiwa ameshalipa ada. Anayebahatika haandikiwi IEP, huandikiwa mpango wa huduma, ambao ni mfupi na mwembamba zaidi.

Udini wa shule haumzuii mtoto. Mwaka 1993, katika kesi ya Zobrest iliyotokea Arizona, Mahakama Kuu ya nchi iliamua kwamba katiba haikatazi serikali kumlipa mkalimani wa lugha ya alama kwa kijana kiziwi aliyesoma sekondari ya Kikatoliki. Huduma yenyewe tu ndiyo isiwe ya kidini.

Tusichanganye mambo, lakini. Mtoto aliyepelekwa shule binafsi na wilaya yenyewe, kwa kuwa shule zake hazimwezi, anabaki na haki zake zote. Na mzazi anayemwondoa mtoto kwa kuwa shule ya serikali imeshindwa kumpa elimu inayomfaa anaweza kudai arudishiwe ada. Mahakama Kuu ilikubali hilo mwaka 1985 katika kesi ya Burlington. Ila asiondoke kimyakimya. Aseme katika kikao cha mwisho cha IEP, au aandike barua siku 10 za kazi kabla ya kumtoa mtoto. Asipofanya hivyo, madai yanaweza kupunguzwa au kukataliwa.

Wale wazazi wetu wa mwanzo wakiona fungu halimfikii mtoto wao, hawajafungiwa mlango. Siku watakapomrudisha shule ya serikali, wilaya wanayoishi italazimika tena kumwandalia IEP.