Picha Yako Ikiuzwa kwenye Bidhaa Mtandaoni: Linda Ushahidi Kabla ya Kulalamika

Kazi yangu ni kuwasaidia wapiga picha na wachoraji katika masuala ya hakimiliki, na malalamiko ninayoletewa mara nyingi hufuata mkondo uleule. Mtu ameikuta picha yake kwenye fulana, kikombe au kava ya simu katika duka la mtandaoni asilolifahamu, akamwandikia muuzaji papo hapo kwa maneno makali, na kesho yake ukurasa wa bidhaa hiyo haupo tena. Anadhani mambo yamekwisha, ilhali ushahidi wote aliokuwa nao umefutwa na yuleyule anayemlalamikia, ambaye anaweza kuirudisha bidhaa baada ya muda mfupi kwa jina jingine. Hasira hasara. Ndiyo maana namsihi kila anayenijia asimwandikie mtu yeyote neno hata moja kabla ya kuhifadhi kila kinachoonekana.

Hifadhi ukurasa mzima, si picha ya bidhaa peke yake. Picha ya skrini ionyeshe anwani kamili ya ukurasa, tarehe, jina la duka, namba ya bidhaa, bei na saizi zinazouzwa, pamoja na maoni ya wateja. Wengi huyapuuza maoni hayo, nami nayathamini kuliko karibu kila kitu kingine kilichomo, kwa sababu tarehe ya maoni ya kwanza huonyesha kwamba bidhaa ilikuwa sokoni angalau tangu siku hiyo, na wingi wake hutoa fununu ya mauzo ambayo muuzaji atakuja kudai hayakuwapo. Kisha ingiza anwani hiyo kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za wavuti ya shirika la Internet Archive, ili nakala yenye tarehe ibaki mahali ambapo wewe na muuzaji hamwezi kuibadilisha. Suala likiwa zito, agiza bidhaa moja. Kifurushi huja na anwani ya mtumaji, na stakabadhi ya malipo hutaja aliyepokea fedha, na mara nyingi majina hayo hayafanani kabisa na jina la duka. Baada ya hapo itafute picha yako kwa Google Lens na TinEye, zana zinazotafuta mtandaoni picha zinazofanana na uliyoiweka, ukijaribu pia nakala uliyoigeuza kushoto kuwa kulia, kwani picha iliyoibwa na duka moja ni nadra kukaa katika duka moja.

Muuzaji anapobanwa hupenda kusema kwamba kazi ni yake. Nakumbuka picha ya bundi iliyouzwa kwenye vikombe ikiwa imegeuzwa, mandhari ya nyuma yamefutwa na rangi zimekolezwa, naye muuzaji alisisitiza kwamba aliichora mwenyewe. Tuliikuza sehemu ya bawa mpaka ikajaza skrini. Unyoya mmoja ulikuwa umevunjika ncha mahali palepale ulipovunjika katika picha ya asili, na juu ya mguu kulikuwa na mstari mwembamba uliofifia, mahali ambapo kijiti kilikuwa kimefutwa bila uangalifu. Hata hivyo hoja iliyomaliza ubishi ilikuwa faili ghafi la kamera (RAW), yaani picha kabla haijahaririwa, pamoja na picha zilizotangulia na zilizofuata katika mfululizo uleule, bundi akiwa amegeuza kichwa kidogo kidogo. Mwizi huwa na picha moja tu, ile uliyoichapisha, ilhali mwenye kazi ana mfululizo mzima. Kwa mchoraji, michoro ya awali na faili lenye tabaka zake hufanya kazi hiyohiyo, kwa hiyo usivifute vitu hivyo ili tu kupata nafasi kwenye diski.

Kabla ya kudai, hakikisha una haki ya kudai. Mkataba wa Berne wa 1886 unazitaka nchi wanachama zilinde kazi za sanaa bila kuweka sharti la usajili, hivyo haki huzaliwa pamoja na picha yenyewe. Lakini kama uliipiga ukiwa mwajiriwa, huenda hakimiliki ni ya mwajiri. Kama uliitoa kwa leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ya wazi kwa umma, inayoruhusu matumizi ya kibiashara, huwezi kuiondoa ruhusa hiyo kwa aliyekwisha kuipata, ingawa unaweza kulalamika ikiwa jina lako halikutajwa. Na kama wewe ndiye unayeonekana pichani lakini hukuipiga, hakimiliki kwa kawaida ni ya mpiga picha. Dai lako litasimama juu ya haki ya mtu kwa sura yake na faragha yake, ambayo hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, na majukwaa makubwa huwa na njia tofauti ya kulipokea.

Sasa ni nani aandikiwe? Desemba 2019 wachoraji kwenye Twitter walionyesha wazi kwamba baadhi ya maduka ya fulana yaliendeshwa na programu zilizokuwa zikisubiri mtu aandike chini ya mchoro kwamba angeutaka kwenye fulana, kisha zikauchukua na kuuweka sokoni zenyewe. Walichapisha michoro iliyotamka kwamba duka linauza kazi za wizi, na maduka yakaiuza. Mahali ambapo hakuna mtu aliyeichagua picha yako, kumsihi muuzaji ni kupoteza wakati. Mwandikie aliyemhifadhi: jukwaa kama Etsy, Amazon, Redbubble au eBay, na kama duka lina tovuti yake lenyewe, kampuni inayoihifadhi tovuti hiyo.

Kwa makampuni ya Marekani, njia kuu ni notisi ya kuondolewa chini ya DMCA, sheria ya Marekani ya 1998 ya hakimiliki katika mazingira ya kidijitali. Kampuni inayotaka kinga ya sheria hiyo ni lazima iwe imemsajili wakala wa kupokea notisi, na orodha ya mawakala iko wazi kwenye tovuti ya Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani. Notisi hutaja kazi yako, hutoa kiungo cha kila ukurasa unaolalamikiwa, hueleza jinsi ya kukupata, hutamka kwamba unaamini kwa nia njema kuwa matumizi hayo hayakuruhusiwa, huthibitisha kuwa maelezo ni sahihi na, kwa adhabu ya kiapo cha uongo, kwamba una mamlaka ya kudai; kisha unatia saini. Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni kutoa kiungo cha duka zima. Toa kiungo cha kila bidhaa, hata zikiwa nyingi. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya huduma za kidijitali inayotumika kikamilifu tangu tarehe 17 Februari 2024 nayo inayataka majukwaa yawe na njia ya kielektroniki ya kupokea taarifa za namna hii.

Fahamu mambo mawili kabla ya kutuma. Jina na anwani yako vinaweza kumfikia muuzaji, na baadhi ya makampuni hupeleka nakala za notisi kwenye hifadhi ya Lumen inayosomwa na umma, kwa hiyo tumia anwani ya kazi, si ya nyumbani. La pili ni kwamba muuzaji anaweza kuwasilisha notisi ya kupinga, na hapo jukwaa hurudisha bidhaa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi isipokuwa wewe umefungua kesi. Usitume notisi kwa jambo usilo na hakika nalo. Sheria hiyohiyo inamruhusu aliyeumizwa na madai ya uongo ya makusudi kudai fidia.

Kuondolewa kwa bidhaa hakukulipi chochote. Ukitaka malipo, dai kwa barua maelezo ya mauzo na ada ya leseni kwa kipindi chote cha matumizi. Nguvu yako mbele ya mahakama za Marekani itategemea sana usajili katika Ofisi ya Hakimiliki ya nchi hiyo, kwani ni mwenye kazi iliyosajiliwa kabla ya ukiukaji kuanza, au ndani ya miezi 3 tangu ilipochapishwa mara ya kwanza, ndiye anayeweza kudai fidia iliyopangwa na sheria, ambayo kwa kawaida ni kati ya dola 750 na 30,000 kwa kila kazi, na hufikia 150,000 pale ukiukaji ulipokuwa wa makusudi. Kwa madai madogo ipo Bodi ya Madai ya Hakimiliki iliyoanza kupokea kesi Juni 2022, yenye kikomo cha dola 30,000, ingawa anayedaiwa ana haki ya kukataa kusikilizwa huko.

Mkifikia makubaliano, yasome kwa makini kabla ya kutia saini. Rasimu ninazoletewa na wauzaji mara nyingi humtaka mwenye picha aachilie madai yote, yaliyopita na yajayo, bila kugusa bidhaa ambazo bado ziko ghalani. Iandikwe bayana ni ngapi zimebaki, zitaharibiwa lini, na kwamba faili la picha litafutwa pia kwa mchapaji.