Hayo mambo ya pengwini mnayoambiana, mengi si kweli

Ya kwanza naipitia haraka maana inachosha: ile katuni ya dubu mweupe na pengwini wamekaa pamoja. Haiwezekani, dubu yuko Aktiki kaskazini, pengwini ni wa kusini, ukitoa wale wa Galapagos waliojibanza pale ikweta.

Sasa hii ndo yenyewe. Watu wanadhani makazi ya pengwini yapo palepale tangu enzi na enzi. Wapi! Wanahama sana hawa. Pengwini wa aina ya Adélie anajenga kiota cha kokoto, akihama kokoto zinabaki zimelundikana na chini yake kuna mifupa, manyoya, maganda ya mayai na mavi makavu, kwa hiyo wanasayansi wanachimba kama magofu vile, na kule Bahari ya Ross, Antaktika, kuna mabaki ya zaidi ya miaka 40,000.

Dhana nyingine ni kwamba mzoga ukionekana mbichi basi ndege kafa juzi. Mwaka 2016 mwanasayansi Steven Emslie alifika Cape Irizar, rasi iliyoko hukohuko Bahari ya Ross, akakuta mizoga ya vifaranga bado ina manyoya na mavi yametapakaa, wakati tangu wavumbuzi wa mwanzo wa miaka ya 1900 hakuna aliyeandika kwamba hapo pana pengwini. Wakapima kaboni, ile inayopungua mwilini kadiri miaka inavyopita tangu kiumbe afe, ikatoka miaka 800 hadi 5,000! Barafu ilikuwa imewafunika, ilipoyeyuka ndo wakatokeza.

Na msidhani kupima kaboni ni kusoma namba tu ukamaliza. Maji ya kule yana kaboni ya zamani inayopanda kutoka vilindini, samaki na uduvi wanayo, pengwini anawala, matokeo yake aliyekufa leo anaweza kusomeka ana miaka elfu moja na kitu, lazima warekebishe kwanza.

Halafu kuna wanaosema zamani kabla binadamu hajafika walikuwa wanastarehe tu. Kisiwa cha Ardley, hukohuko Antaktika, wamesoma tope la ziwani, mavi ya pengwini aina ya gentoo yanaingia humo kila mwaka kwa hiyo wakizidi yanaonekana na wakipungua yanaonekana. Ndani ya miaka 7,000 hivi yale makazi yalifutika karibu yote si chini ya mara tatu, sababu ni majivu ya volkano ya kisiwa cha Deception, na kurudi kulichukua miaka 400 mpaka 800.