Daftari la polisi haliulizwi jina, linaulizwa siku

Jana usiku nimepata ujumbe mwingine. Kijana yuko Nairobi, kaka yake hajaonekana tangu siku ya soko, na jirani anasema alimwona akipakiwa kwenye pikapu ya polisi. Ombi lenyewe: "Dada, nitumie ile linki ya polisi wa wilaya yenu nimtafute." Huyu ni wa nne mwezi huu. Nimejibu kila mmoja peke yake mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo leo naandika mara moja kwa wote. Linki hiyo haipo. Katika wilaya zetu za West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, haipo ya Koboko, haipo ya Yumbe, haipo ya Maracha, na Kampala pia hakuna orodha ya waliokamatwa ambayo mwananchi anaweza kuifungua kwa simu akasoma majina.

Najua imani hii inatoka wapi. Mtu anatafuta mtandaoni, anaangukia kurasa za Marekani: kaunti ndogo ya mashambani, sheriff na jela yake, majina na picha za waliolala humo. Kule kaunti ina serikali yake, na jela mara nyingi ni yake. Kwetu kaunti haina polisi wake wala jela yake. Hata magereza ya serikali za mitaa yaliingizwa chini ya Magereza ya Uganda kwa sheria ya mwaka 2006. Polisi wanafuata wilaya, chini ya DPC, yaani mkuu wa polisi wa wilaya. Mahakama ina mipaka yake, na si lazima ilingane na ya wilaya, ndiyo maana mtu hukamatiwa huku akasomewa mashtaka kwa jirani. Ripoti ya uhalifu ambayo polisi hutoa kila mwaka ina hesabu za wilaya baada ya wilaya, lakini jina la mtu hutalikuta humo.

Tulicho nacho ni vitabu. Nafanya usaidizi wa kisheria hapa West Nile, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusimama mbele ya kaunta nikimwomba afande afungue kitabu. SD (Station Diary, daftari la matukio ya kituo) ndiyo ya kwanza: kila kinachotokea kituoni huandikwa humo kwa mfuatano wa saa. SD 14/06/03/2024 ni tukio la 14 la tarehe 6 Machi 2024. Kosa likishaandikishwa, faili hupata namba ya CRB, kitabu cha kusajili makosa, inayohesabiwa kwa mwaka. Posti ndogo za polisi huku mara nyingi zina SD tu, mafaili yanapanda kituo kikubwa. Kisha kuna kitabu cha seli, kinachoonyesha nani ameingia na nani ametoka.

Sasa jambo ambalo limenichosha kulieleza. Vitabu hivi vimepangwa kwa siku. Havina faharasa ya majina. Ukifika kaunta ukasema "namtafuta fulani", afande atafungua ukurasa wa leo, labda na wa jana, atapitisha kidole, kisha atakwambia hayupo. Hakudanganyi. Jina ulilompa si lile lililoandikwa, au siku aliyoitazama siyo. Na wewe unarudi nyumbani ukiamini ndugu yako ametekwa, huku amelala mita ishirini kutoka ulipokuwa umesimama.

Majina yetu ndiyo mtihani wenyewe. Mtu mmoja ana jina la nyumbani kwa Kilugbara au Kikakwa, ana jina la msikitini au la ubatizo, na ana mpangilio mwingine kabisa kwenye kitambulisho cha taifa. Mtoto anaweza asiwe na jina hata moja linalofanana na la baba yake. Aliyekamatwa akiwa na hofu hutaja moja tu. Afande aliyehamishiwa huku kutoka Busoga au Ankole huliandika kama alivyolisikia: Rajab, Rajabu, Rejab. Mama mmoja alizunguka siku tatu akitaja jina la nyumbani la mwanawe, lile alilopewa kwa sababu alizaliwa katikati ya misiba. Kitabuni kijana alikuwa "Hassan", mwanamume mtu mzima, miaka 25, mkulima, basi. Tulimpata pale tulipoacha kuuliza jina. Tuliuliza ni nani walioingia jioni ya Jumanne kutoka sokoni, na kwa kosa gani.

Kwa hiyo kabla hujapanda boda, kusanya haya: siku, saa kwa kukadiria, mahali hasa, waliomkamata walivaa nini, walikuja na gari gani, nani mwingine alichukuliwa pamoja naye. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, mara nyingi ana nusu ya majibu, kwa sababu polisi hupitia kwake, au yeye ndiye aliyewaita. Kisha andika majina yote ya ndugu yako kwenye karatasi moja, hata lile la utani.

Na ukifika kaunta usiseme umekuja kuona rekodi za umma. Maneno hayo hufunga mlango, na afande akikataa hapo hajakosea sana. Sema wewe ni ndugu. Nguvu yako iko Ibara ya 23 ya Katiba ya 1995: aliyekamatwa ana haki ndugu zake waarifiwe mapema iwezekanavyo akiomba, na ana haki ya kuonana nao, pamoja na wakili na daktari wake. Ni haki yake yeye, wewe unaisimamia tu ukiwa nje. Nimeona kitabu kilichokuwa "kimefungiwa ofisini" kikatokea baada ya sentensi moja ya heshima: "Afande, mimi ni dada yake, naomba tu kujua kama yuko na ni mzima." Mazungumzo yatakuwa kwa Kiswahili, kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza. Kama husomi Kiingereza, nenda na anayesoma.

Ukimkuta, omba namba ya SD na ya CRB, uziandike hapo hapo. Bondi ya polisi, yaani dhamana inayotolewa kituoni, ni bure. Narudia, ni bure. Katika kituo kimoja ambacho sitakitaja niliwahi kuombwa hela ya "kufungua faili", na waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni walikuwa tayari wameshatoa. Bado inaniuma.

Saa 48 kila mtu anazijua: kama hajaachiwa, awe amefikishwa mahakamani. Kinachosemwa kidogo ni kwamba saa hizo ni tangu alipokamatwa, ilhali kitabu kinaonyesha alipofika kaunta. Kama alishikwa alfajiri na wanamgambo wa kijiji, akakaa chini ya mwembe mpaka gari lipatikane, akalala posti usiku mzima, kitabu cha kituo kikubwa kitaanza kesho yake. Nimebishana na maofisa juu ya pengo hilo mara nyingi, na sijawahi kuwa na karatasi ya kulithibitisha isipokuwa neno la jirani. Na ukurasa usio na jina lake bado unanisumbua. Unaweza kuwa uzembe, unaweza kuwa amefichwa, na mimi niliyesimama pale siwezi kutofautisha. Nilichojifunza ni kutosubiri. Kama mashahidi walimwona akichukuliwa na kila kituo kinakana, nenda ofisi ya Tume ya Haki za Binadamu iliyopo Arua, na tafuta wakili wa kuomba amri ya Mahakama Kuu kwamba mtu huyo aletwe mbele ya jaji. Katiba imeweka haki hiyo kati ya zile zisizoweza kuondolewa.

Akishatoka seli, kitabu huonyesha alikopelekwa. Mahakamani mtafute karani, si hakimu, ukiwa na namba ya CRB na tarehe. Akiwa amewekwa rumande, gereza limempokea kwa hati ya mahakama na lina namba ya kesi na siku ya kurudi. Jina lililokosewa kaunta husafiri naye hadi huko, kwa hiyo tumia lile lililokosewa.

Kuna kundi la pili la wanaoniandikia, nalo ndilo linanikera zaidi: mwajiri, mwenye nyumba, familia inayopanga harusi. Wanataka nikaangalie kama fulani "ana rekodi". Siendi. Jina kwenye SD maana yake mtu aliletwa kituoni jioni fulani, hakuna zaidi. Mwanasheria wa serikali anaweza kulikataa faili, mlalamikaji anaweza kujiondoa, hakimu anaweza kumwachia. Katiba inamhesabu hana hatia mpaka ithibitishwe au akiri mwenyewe. Nimewaona vijana waliolala seli usiku mmoja kwa msako wa soko zima wakiitwa wezi miaka mitano baadaye. Unayetaka kumwajiri, mwambie alete hati ya tabia njema. Huiomba mwenyewe Interpol, Kampala, kwa alama za vidole vyake. Hukumu za mahakama za juu ziko wazi kwenye ULII, tovuti ya sheria na hukumu za Uganda. Za mahakimu wa wilayani ni chache sana humo, kwa hiyo kutomkuta hakuthibitishi lolote.

Wengine hunitajia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005. Ni sheria nzuri, nimeitumia, jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Lakini inalinda faragha ya mtu wa tatu, na haigusi kumbukumbu za kesi ambayo haijamalizika. Anayemtafuta ndugu aliyeshikwa juzi asipoteze muda nayo.

Kama aliyekamatwa ni mtoto, sahau mengi ya hapo juu na kimbia. Hatakiwi kuchanganywa na watu wazima, na mzazi anapaswa kuarifiwa haraka. Nenda na katibu wa masuala ya watoto wa LC, na jina la mtoto lisiwekwe kwenye makundi ya WhatsApp hata kama unaomba msaada.

Kijana wa Nairobi amenijibu asubuhi hii. Kanitumia majina matatu ya kaka yake. Siku bado hana uhakika, anasema ni soko la Jumamosi au la Jumatano. Nimemwambia ampigie tena jirani, amuulize mvua ilinyesha siku ile au la.