Je, wajua mji unaweza kupunguza magari katikati bila geti wala malipo?

Ukisema magari yazuiwe katikati ya mji watu wanawaza geti, trafiki wa kibabe, au kulipia kama London, kule tangu 2003 kamera zinasoma pleti namba na gari ikiingia katikati mwenyewe anadaiwa hela. Sasa kuna mji mmoja kaskazini mwa Uholanzi unaitwa Groningen, wao hawakulipisha mtu, na gari yako hata leo unaweza kuingia nayo mpaka karibu na katikati kabisa. Walichofanya ni kuifanya iwe kero tu.

Ilikuwa Septemba 1977. Diwani aliyekuwa anasukuma mpango huo anaitwa Max van den Berg, na hesabu yake ilikuwa rahisi, kwamba gari nyingi zinazojaza katikati hazina shida yoyote na katikati, zinakatiza tu kwenda upande wa pili. Basi wakaugawa mji wa kati vipande vinne. Ndani ya kipande chako unaendesha kama kawaida, ila kutoka kipande kimoja kwenda kingine na gari hakuna, lazima utoke nje mpaka barabara inayozunguka mji, uzunguke, ndo uingie tena. Mguu na baiskeli zinapita moja kwa moja. Kazi yenyewe ilikuwa zaidi ni vibao na wanwei, watu wamelala wameamka mji umebadilika, na wenye maduka walikuwa wamewaka kweli wakiona wateja ndo basi tena.

Ili uelewe ukali wake, chukua Dar. Uko Kariakoo unaenda Posta, kwa mguu unakatiza Mnazi Mmoja hata jasho halijakutoka vizuri umefika. Sasa mwenye gari aambiwe hapo hapiti, akapige kwanza Magomeni, Kinondoni, ashukie Salenda ndo aingie Posta. Siku ya kwanza atatukana, ya pili pia, wiki ijayo gari anaiacha nyumbani, si kwamba amekuwa mpenda mazingira, amechoka tu kuzunguka 😂

Na ndo kilichotokea kule, baiskeli ikawa njia fupi kuliko gari, leo safari za baiskeli ndani ya Groningen ni kama asilimia 60 hivi. Ghent ya Ubelgiji nao wakaiga 2017, wao vipande sita kuzunguka eneo la waenda kwa miguu.

Ila ujanja huu unataka vitu viwili viwepo kabla: barabara ya kuzungukia, na kitu cha kumbeba yule asiyeendesha. Huku kwetu huwa tunaanza kinyume. Desemba 2018 Nairobi walizuia matatu zisiingie katikati ya mji, yaani kile chombo kinachobeba watu wengi ndo kikaambiwa kiishie Ngara na Muthurwa huko, abiria wakatembea na mizigo yao wengine na watoto mgongoni, huku gari binafsi lenye mtu mmoja ndani linapita zake vizuri tu. Siku hiyohiyo gavana Mike Sonko akasimamisha marufuku.